Hospitali ya Bagamoyo: Deni Lililolipwa Kabla

Kila inapoandikwa habari ya Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo, jina la kwanza kutajwa ni la Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kihindi ambaye fedha zake ziliupatia mji huo hospitali katika miaka ya 1890. Ni haki atajwe. Tatizo ni kwamba historia inayoanza na mfadhili huwa inaendelea hivyo hivyo hadi mwisho: nani alitoa, nani alizindua, wodi ipi iliongezwa, mashine ipi ililetwa na nani. Msomaji hubaki na picha ya mji uliopewa, kizazi baada ya kizazi, na wagonjwa wanaopaswa kushukuru. Makala hii inashikilia jambo tofauti. Ukifuata fedha, kazi na hata damu iliyoiwezesha hospitali hii kudumu kwa zaidi ya karne moja, utaona kwamba waliopanga foleni mlangoni pake walikuwa wamekwisha kuilipia, wao au wazazi wao, kabla ya kufungua faili. Kwa hiyo kipimo cha haki cha kila zama si idadi ya majengo. Ni kama wenye hospitali walikumbuka deni hilo au walilisahau.

Tuanze na mji kabla ya hospitali. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji na Tabora ilifikia Bagamoyo, na pembe za ndovu zilivushwa kwa jahazi hadi Unguja. Wapagazi kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, walipiga kambi mjini wakisubiri ujira au mzigo wa kurudi nao bara. Watu wengi kiasi hicho, waliochoka na safari ya miezi, wakilala pamoja na kuchota maji ya visima vile vile, walikuwa mawindo mepesi ya ndui na ya kuhara damu. Kipindupindu cha 1869 na 1870, ambacho daktari James Christie wa Unguja alikifuatilia na kukiandikia kitabu kilichotoka 1876, kilisafiri kwa njia zile zile za biashara. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefika 1868 na kuanzisha misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na huko wagonjwa walipata matunzo ya kadiri ya uwezo wa misheni. Mwenyeji wa mji naye hakuwa mkiwa: alikuwa na ndugu wa kumuuguza, mganga wa mitishamba na mkunga wa mtaa. Aliyekuwa hana mtu ni mpagazi. Akiugua, wenzake waliondoka na msafara na yeye akabaki kambini. Haja ya hospitali Bagamoyo ilianzia kwake, mgeni aliyeutajirisha mji na asiye na nyumba ndani yake.

Hospitali ya kwanza ya serikali haikuwa yake. Wajerumani walipokuwa wakipigana na Abushiri na watu wa pwani, 1888 na 1889, walikuwa na hospitali Bagamoyo iliyohudumia askari na maofisa wa Hermann von Wissmann. Mgonjwa wake maarufu kuliko wote aliingia usiku wa tarehe 4 Desemba 1889. Emin Pasha, aliyeletwa pwani na msafiri Stanley kutoka jimbo la Ikweta, alikuwa kwenye karamu ya kumpongeza, akaanguka kutoka ghorofani na kupasuka fuvu. Inasemekana ni kwa sababu ya macho yake mabovu. Alilazwa hapo kwa wiki kadhaa, na daktari wa Stanley, Thomas Parke, alibaki kumtazama hadi yeye mwenyewe akaugua. Emin alipona, na mwaka uliofuata akarudi bara kwa kazi ya Wajerumani. Vitabu vya wasafiri vimesimulia kisa hiki kwa kirefu. Wapagazi waliofika na msafara ule ule hawasimuliwi walilazwa wapi, na ukimya huo unatosha kuonyesha mlango wa wakati ule ulifunguliwa kwa nani.

Hapo ndipo anapoingia Sewa Haji. Alizaliwa 1851 katika familia ya Makhoja wenye asili ya Kachi, na baba yake, Haji Kanji, alikuwa na duka Unguja kisha Bagamoyo. Kijana aliirithi biashara na kuikuza hadi akawa mtu ambaye msafiri yeyote wa Kizungu alipaswa kumwona kabla ya kuelekea bara: aliuza nguo, shanga, nyaya na bunduki, alinunua pembe, na zaidi ya yote aliwaajiri wapagazi na kuwatoa kwa mkataba. Stanley alikuwa miongoni mwa wateja wake. Katika miaka ya 1890 alianza kuitoa mali yake kwa namna ambayo haikuwa kawaida katika koloni lile. Alitoa jengo la ghorofa Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba lipokee watoto wa rangi zote. Alitoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Waasia, na ndiyo iliyokuja kukua ikawa Muhimbili, ambako hadi leo jengo moja la wodi linaitwa Sewahaji. Bagamoyo nayo ikapata hospitali yake. Alifariki Februari 1897, akiwa na umri wa miaka 46, na katika wosia wake aliacha mali mikononi mwa serikali ya Kijerumani, mapato yake yatumike kuwatunza wagonjwa, wakoma wakiwamo.

Wapo wanaouliza, na swali lao si la kubezwa, kwa nini tumsifu mtu aliyetajirika kwa pembe na bunduki, aliyewatoa watu kwa mkataba wabebe mizigo mikubwa kwa miezi, wengi wao wasirudi. Wengine huenda mbali zaidi na kusema kwamba zawadi ya namna hiyo ni kunawa mikono. Sioni sababu ya kuwapinga kwa kumtetea Sewa Haji. Tabia yake ya moyoni hatuwezi kuipima. Jibu langu ni kwamba pingamizi lao linaipa hoja yangu nguvu. Kama utajiri ule ulitokana na mabega ya wapagazi, basi hospitali iliyojengwa kwa utajiri huo ilikuwa ni sehemu ya ujira wao iliyocheleweshwa. Sharti la shule yake la kupokea watoto wa rangi zote, ambalo tunalisifu kama ukarimu, lilikuwa ndiyo haki ya chini kabisa. Tunaweza kumtaja mfadhili kwa heshima, almuradi tusisahau nani alizibeba fedha zake kutoka Tabora.

Serikali ya Kijerumani ililielewa jambo hili nusu tu. Mwaka 1897, mwaka aliofariki Sewa Haji, ilijenga hospitali nzuri ufukweni Dar es Salaam kwa ajili ya Wazungu, ambayo leo ni Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mwaka uliofuata kodi ya nyumba ilianza kukusanywa kwa wenyeji. Kwa maneno mengine, Mwafrika wa Bagamoyo alianza kuchangia hazina iliyojenga wodi ambamo yeye hakuruhusiwa kulala, na kuachiwa zile za urithi wa mfanyabiashara. Kisha mji wenyewe ukapoteza nafasi yake. Makao makuu yalikuwa yamehamia Dar es Salaam tangu 1891, na reli iliyoanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905 ilipofika Kigoma mwaka 1914 misafara ilikuwa imekwisha kukatika. Waingereza waliuteka mji Agosti 1916. Kipindi chao sitakikalia muda mrefu: walirithi hospitali, wakaiendesha kwa bajeti ya koloni isiyokuwa na haraka, na kuziachia serikali za wenyeji zahanati za vijijini, ambazo ziligharimiwa na kodi za wanakijiji wenyewe. Linalostahili kukumbukwa ni kwamba biashara iliyoizaa hospitali ilikufa na hospitali haikufa nayo. Ilibaki kwa sababu wavuvi, wakulima wa minazi na wachemshaji chumvi wa mwambao waliendelea kuugua, na kuendelea kulipa.

Uhuru ulipokuja, nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Idadi hiyo hutajwa mara nyingi kuonyesha tulikotoka, lakini mimi naiona pia kama maelezo ya kwa nini hospitali za wilaya zilichukua miaka mingi kubadilika. Azimio la Arusha la 1967 lilielekeza fedha vijijini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu kwenye redio na vikundi vya kujifunza, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Matibabu katika vituo vya serikali yakawa bure. Hii ndiyo zama ambayo mlango ulifunguliwa wazi kuliko wakati wowote. Wakosoaji wake husema mlango wazi wa duka tupu haumsaidii mteja, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, uchumi ulipoanguka, mgonjwa alipewa cheti cha dawa ambazo hazikuwepo. Ni kweli, na atakayeandika historia ya kipindi hicho bila kuyataja mashuka yaliyochakaa na rafu tupu za famasi atakuwa anawadanganya wasomaji wake. Hata hivyo kosa lilikuwa la mfuko, halikuwa la kanuni. Haki ya kuingia bila kuulizwa fedha haikuwa ndiyo iliyomaliza dawa. Zilimalizwa na bei ya mafuta, vita vya Kagera, kuporomoka kwa mazao ya kuuza nje, na usimamizi mbovu wa yale machache yaliyofika.

Mabadiliko ya 1993 yalilichukua kosa la mfuko na kulitibu kwa kumgusa mgonjwa. Uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali, kwa hatua, kuanzia zile kubwa. Wizara ya Afya iliweka misamaha: wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza, wenye kifua kikuu, ukoma na maradhi mengine ya kudumu. Kwenye karatasi mpango huo una akili. Fedha kidogo inayobaki kituoni hununua kinachokosekana, na asiye nacho huenda kwa afisa ustawi wa jamii akapata msamaha. Penye mlango halisi mambo yana ugumu wake. Mwenye kustahili msamaha ni yule yule asiyejua kwamba upo, aliyetoka Fukayosi au Makurunge akiwa amekwisha kukopa nauli, na anayeona haya kusema mbele ya foleni kwamba hana kitu. Msamaha unaoombwa hugeuka fadhila, na fadhila humfanya aliyekwisha kulipa aonekane ombaomba. Hapa ndipo ninapoona deni lilianza kusahauliwa, na si kwa ubaya wa mtu fulani bali kwa namna utaratibu ulivyopangwa.

Nisieleweke vibaya: hospitali ya leo inafanya kazi nyingi ambazo kizazi cha Uhuru kisingeziota. Ina huduma za wagonjwa wa nje na wa kulazwa, wodi ya wazazi, chumba cha upasuaji, maabara, kliniki ya mama na mtoto, na kliniki ya tiba na matunzo (CTC) kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, huduma ambayo ilisambaa nchini tangu dawa za kufubaza zilipoanza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Inapokea rufaa za vituo vya afya na zahanati za wilaya, na yenyewe hupeleka wagonjwa Tumbi, Kibaha, au Muhimbili. Mjini kuna chuo cha uuguzi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muhimbili kwa miaka mingi wamekuja Bagamoyo kujifunza afya ya jamii. Takwimu za taifa zinaonyesha kazi ya hospitali za ngazi hii imezaa matunda: utafiti wa afya wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015 na 2016 ulikadiria 556. Hata ukiacha nafasi kubwa ya makosa ya makadirio, tofauti hiyo haielezeki bila wakunga na manesi wa zamu ya usiku katika hospitali za wilaya.

Lakini sehemu ya hadithi ya Bagamoyo ambayo ulimwengu unaijua kuliko zote haikuanzia wodini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Muhimbili, akiwamo Zul Premji, pamoja na wenzao wa nje, walifanya kazi ya vyandarua vyenye dawa katika vijiji vya Yombo. Walipima watoto, wakahesabu vimelea na upungufu wa damu, wakaonyesha kwamba chandarua kilichochovywa dawa kinapunguza ugonjwa. Pamoja na hilo walifanya jambo la busara zaidi: walikaa na wazazi kuwauliza wanayaelewaje maradhi ya homa. Waligundua kwamba mtoto mwenye degedege alipelekwa kwanza kwa mganga, kwa kuwa wengi waliamini ni jambo la mashetani na kwamba sindano ingemuua. Daktari mwepesi wa hasira angesema huo ni ujinga. Mwenye subira angetambua kwamba hospitali ilikuwa haijawahi kwenda Yombo kueleza kwamba degedege na malaria kali vinaweza kuwa kitu kimoja. Umbali wa kilomita chache kutoka mjini ulikuwa mlango mwingine uliofungwa, usiohusu fedha, na aliyetakiwa kuufungua ni mwenye elimu. Maarifa ya vijiji kama hivyo yaliingia katika mipango ya vyandarua ya nchi, ikiwamo Hati Punguzo kwa wajawazito iliyoanza 2004.

Kisha zikaja chanjo. Taasisi ya Afya Ifakara ilifungua tawi Bagamoyo mwaka 2005, jirani na hospitali, na baadaye ikawa na kituo cha Kingani. Mwaka 2008 matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto wachanga 340 wa Bagamoyo yalichapishwa, Salim Abdulla akiwa mwandishi wa kwanza. Kuanzia 2009 hadi 2014 Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vya majaribio ya mwisho ya chanjo hiyo, yaliyohusisha watoto wachanga na wadogo zaidi ya 15,000. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha itumike kwa upana Oktoba 2021. Bagamoyo ikashiriki tena katika majaribio ya mwisho ya chanjo ya pili, R21, yaliyohusisha watoto 4,800 wa nchi nne, nayo ikapendekezwa na Shirika hilo Oktoba 2023. Hakuna mji mwingine wa pwani yetu, kwa ukubwa wake, uliotoa mchango wa namna hiyo kwa afya ya dunia.

Kuna wanaoliangalia jambo hili kwa jicho la uchungu. Wanasema watoto wa maskini waligeuzwa panya wa maabara, na kwamba mzazi asiye na pesa ya daktari hawezi kusemwa amekubali kwa hiari. Shutuma hiyo kwa ukamilifu wake siikubali. Majaribio yalisimamiwa na wanasayansi wa Kitanzania, yakapita kwenye kamati za maadili za nchi, na mtoto aliyeshiriki alifuatiliwa na kutibiwa kwa ukaribu ambao jirani yake hakuupata. Ndani ya jibu hilo, hata hivyo, ndipo ilipo aibu ninayoiona mimi: matunzo mazuri yalikuwa malipo ya kushiriki, na utafiti ulipokwisha yakarudi kwenye hali ya kawaida. Na chanjo ya RTS,S ilipoanza kutolewa kwa majaribio ya utekelezaji mwaka 2019, nchi zilizochaguliwa zilikuwa Ghana, Kenya na Malawi. Sababu za kitaalamu za uteuzi ule zipo na zinaeleweka. Mama wa Bagamoyo aliyempeleka mwanawe kutolewa damu kwa miaka kadhaa haoni zinamhusu vipi.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa watu wa mipango. Wilaya imegawanywa, na tangu Halmashauri ya Chalinze ianzishwe 2015 wananchi wa huko wana hospitali yao Msoga. Barabara ya lami inamfikisha mgonjwa Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa mbili foleni ikiwa nzuri. Kwa nini basi kuiwekea fedha hospitali ya zamani kwenye mji mdogo? Wanaouliza hivyo wanahesabu kilomita za gari, na mwanamke anayetokwa na damu baada ya kujifungua Mlingotini au Kaole hahesabiwi kwa kilomita bali kwa dakika. Wanasahau pia kwamba jiji linakuja lenyewe: Mapinga, Kerege na Zinga zinajaa nyumba za watu waliotoka Dar es Salaam, na hao nao watazaa, wataugua kisukari na presha, watapata ajali za bodaboda. Mahali pa kwanza watakapofikishwa ni Bagamoyo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaweza kulirekebisha kosa la 1993, kwa kuwa inahamisha malipo kutoka siku ya ugonjwa kwenda siku ya uzima. Ubora wake Bagamoyo utategemea jambo moja ambalo sheria imelitaja na utekelezaji unaweza kulipoteza, yaani gharama za asiyejiweza zilipwe na umma bila yeye kuomba. Bodi ya afya ya halmashauri na kamati za vituo, ambazo zina wajumbe wa wananchi, zisisubiri waraka. Majina ya kaya zisizojiweza yaorodheshwe mapema na serikali za vijiji na mitaa, kuanzia Dunda hadi Makurunge, kadi zitolewe mikononi mwao, na jedwali la misamaha libandikwe getini kwa maandishi makubwa. Na wizara itakapopanga ugawaji wa chanjo ya malaria, Yombo na Kingani ziwe za kwanza kwenye orodha, kwa sababu zimekwisha kulipa.